Walisuluhisha ya mizigo kwa simu. Na nauli zetu je?

Mnakumbuka Januari 2024? Jumatatu tarehe 15, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haitabeba tena abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Mitandaoni tukawaka. Wabongo wanatucheka, sisi tunajibu kwa matusi, na mimi nikiwa mstari wa mbele kusema jirani ana wivu.

Halafu nikaisoma ile taarifa hadi mwisho. Aibu kidogo, manake ni sisi tulianza.

Air Tanzania ilikuwa imepata ndege ya mizigo, Boeing 767, mwaka 2023. Ikaomba ruhusa ya kupakia mizigo Nairobi na kuipeleka nchi zingine. Kwa lugha ya watu wa ndege hiyo ni haki ya tano: ndege yako inatua kwa jirani, inachukua mzigo wake na kuendelea nao kwa mtu wa tatu. Kenya ikakataa. Tanzania ikasema kukataa huko kunavunja makubaliano yaliyotiwa sahihi Novemba 2016, tena hapa hapa Nairobi. Na kumbuka sisi ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na soko moja la anga la Umoja wa Afrika, lililozinduliwa Addis Ababa 2018. Kule tunaimba anga wazi, tukirudi JKIA tunafunga mlango.

Kinachoniuma ni nani alikuwa analipishwa. Wanagombania mizigo, anayezuiwa ni abiria. Mtu ana interview Dar, mwingine ana mgonjwa, na tiketi yake imegeuka fimbo ya serikali mbili kuchapana.

Lakini oneni kilichofuata. Musalia Mudavadi akaongea na mwenzake wa mambo ya nje wa Tanzania, January Makamba. Siku hiyo hiyo wakasema yataisha kwa siku tatu. Hata hazikufika. Kesho yake Kenya ikatoa ruhusa ya mizigo, Tanzania ikaondoa marufuku. Kumbe inawezekana!

Sasa mimi nauliza, mbona simu kama hiyo isipigwe kwa ajili ya nauli? Ukipanda ndege Nairobi kwenda Mombasa, ada ya huduma ya abiria ni shilingi 600. Ukienda Dar ni dola 50. Uwanja ni ule ule, na angani ni saa moja na kitu tu. Kwa hesabu za serikali Dar ni ng'ambo sawa na London. Bado ukirudi, upande wa Tanzania nao una ada zake. Sisemi serikali ipangie kampuni bei ya kiti. Nasema zipunguze zile pesa zinazochukua zenyewe, na ziache ndege nyingi zaidi zishindane kwenye njia hii.

Najua kuna msee ataniambia KQ ni yetu, lazima tuilinde. Sawa, hata mimi naipenda. Lakini KQ inaishi kwa kuchukua abiria wa majirani, kuwaleta Nairobi, kisha kuwapeleka Ulaya na kwingineko. Jirani akifunga mlango, anayeumia kwanza ni hiyo hiyo KQ. Tulikataa ndege moja ya mizigo tukakaribia kupoteza njia nzima ya abiria. Huo ni ulinzi gani?

Kwa hivyo wakubwa wakikaa tena, waanze na hizo dola 50. Na wewe uliyesafiri Dar juzi, fungua tiketi yako, angalia sehemu ya kodi na ada, uniambie hapo chini ulikatwa ngapi.