Taa Haziokoi Injini

Mwandishi anayetushauri kuikimbia Porsche 911 ya toleo la 996 na kununua 997, kwa hoja kwamba injini itakuwa salama, ametazama taa tu. Hakufungua kifuniko cha injini (ambacho, kwa 911, kiko nyuma). 997 za kawaida za mwanzo, hadi 2008, zina injini za ukoo uleule, na shafti ya kati yenye beringi ileile anayoihofia. Kweli, kuanzia 2006 beringi ilikuzwa ikawa imara zaidi. Lakini kuibadili ni lazima injini ifunguliwe yote. Ya 996 hutolewa kwa kushusha giaboksi na klachi tu. Mwenye hofu hiyo atafute 997 ya 2009 kuendelea, au 996 Turbo, ambayo injini yake ni nyingine kabisa. Hizo taa za 996 zenye umbo la mayai ya kukaanga zimsumbue yeye.