Afya Haingoji Utajiri

Mwaka 1996 wanauchumi Lant Pritchett na Lawrence Summers walitetea hoja kwamba taifa likitajirika, afya ya watu wake huboreka. Hoja hiyo ina ukweli, lakini anayeishikilia hiyo tu huwasahau watu wa Swima, Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa katika mwambao huo wa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, mvuvi anayeugua hapotezi nguvu tu, bali pia ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, na mtaji ambao ungemtoa katika umaskini. Ugonjwa, basi, huzaa ufukara kama ufukara unavyozaa ugonjwa. Waislamu walilitambua hilo zamani: hospitali ya Sultani Qalawun, iliyoanzishwa Cairo mwaka 1284, iliendeshwa kwa wakfu, yaani mali iliyofungwa ili mapato yake yawatumikie watu daima, na iliwatibu matajiri na maskini bila malipo. Kurani nayo (9:60) inawataja wenye madeni, kama mvuvi aliyekopa kwa sababu ya ugonjwa, miongoni mwa wanaostahili zaka. Kwa hiyo Waislamu wa Baraka hawalazimiki kungoja utajiri, maana wakfu wa bomba moja la maji safi, kwa kuzuia kipindupindu kinachofukarisha, tayari ni uchumi.