Lubumbashi–Kinshasa: Tuhesabu Saa Vizuri



Mmoja wetu anajitayarisha kupeleka mtoto wake kwa munganga kule Kinshasa. Ndege inaruka Lubumbashi 11h00, ndiyo saa tano ya asubuhi. Munganga anawangoja 14h00 siku ileile. Je, watafika? Tufanye hesabu pamoja, maana karibu kila jamaa hapa kwetu ina mtu wake kule.

Kwanza, umbali. Kamateni karte ya inchi yetu na rula. Kama sentimita 1 ya karte ni kilometa 50, kati ya miji hii miwili mtapata sentimita 31 hivi. 31 mara 50 ni kilometa 1.550. Huo ni umbali wa ndege, ulionyooka kama kamba. Chini njia inapinda na ni ndefu zaidi. Babu zetu walipanda treni mpaka Ilebo, kwa reli iliyomalizika mwaka wa 1928, halafu wakashuka mto Kasai kwa mashua. Siku zilipita nyingi.

Pili, muda. Ndege kubwa inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Tukigawanya 1.550 kwa 800 tunapata karibu saa 2. Tuongeze dakika za kupanda na kushuka: ni saa 2 na dakika 15 hivi. Ikisimama njiani, Mbuji-Mayi kwa mfano, ni zaidi.

Tatu, inchi yetu ina saa mbili tofauti. Katanga, Kasai na Kivu zinatangulia Kinshasa kwa saa moja. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na kati ya miji hii kuna digrii 12 hivi. Ndiyo maana jua la utosi linatufikia sisi dakika 48 hivi mbele yao.

Basi mama yetu atatua 13h15 ya Lubumbashi, lakini Kinshasa itakuwa 12h15. Mtu atasema: amepata saa moja ya bure! Polepole. Kungojea mizigo na kutoka uwanjani kunaweza kumaliza saa nzima. Toka Ndjili mpaka katikati ya mji ni kilometa zaidi ya 20, na msongamano wa magari Kinshasa hauna huruma. 14h00 inaweza kumkuta bado njiani, mtoto mgonjwa mapajani. Shauri letu: aombe kupokelewa kesho yake asubuhi.

Na dawa? Dawa haifuati saa ya ukutani, inafuata muda. Kama mtoto anakunywa kila saa 8 na amekunywa 6h00 Lubumbashi, atakunywa tena 14h00 ya kwetu, ndiyo 13h00 ya Kinshasa. Mama aache saa yake ya mkono jinsi ilivyo mpaka ampe dawa hiyo, kisha airudishe nyuma.

Zoezi la watoto nyumbani: ndege inatoka Kinshasa 15h00 na kuruka saa 2 na dakika 15. Itatua Lubumbashi saa ngapi? Watakaosema 17h15 warudie hesabu. Ni 18h15, giza linaingia. Kwa hiyo, mama, kabla ya kununua tikiti ya kurudi, panga kwanza nani atakungojea uwanjani.