Ford ya mzee isiende ku mitrayi

Juma lililopita, mununuzi wa mitrayi aliingia na mizani yake katika kiwanja cha mzee mmoja wa kartye yetu. Mzee huyu alifanya kazi ya ajistere miaka mingi katika atelye ya mgodi. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na mimi ninamwita papa. Chini ya muembe wake iko motokari ya Ford aina ya T, ile ya zamani kabisa, yenye radiateri inayongaa kama dhahabu ukiipangusa na kitambaa. Mununuzi hakuangalia motokari. Aliangalia radiateri tu, akaigonga na kidole, akataja bei ya kilo.

Sitaki kumcheka mutu. Mzee anangojea dekonti finali yake tangu siku nyingi, na nyumbani iko wajukuu wanaofukuzwa ku masomo sababu ya minerval. Mama alisema mbele yetu wote: «Ule muchuma unakula nafasi, haulishe mutu.» Iko na haki ya kusema vile. Delege wa sendika anayeenda kumwambia mama wa namna hii asiuzishe kitu, afike na maneno ya maana, ao abakie kwake.

Neno letu ni hili: isiuzishwe kwa kilo.

Ford T zilitengenezwa Marekani tangu 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15. Basi siyo almasi, na hatutamdanganya mzee. Lakini zile zenye radiateri ya mukuba uliochanganywa na zinki ziliishia mwaka 1916. Kisha kiwanda kikatia kifuniko cha chuma cheusi. Kile mizani inachokitaka, njo kile kinachoitenga motokari hii na zile mamilioni. Ukikitosha, pesa ya kilo itaisha mbele ya mwisho wa mwezi, na kile kitakachobakia chini ya muembe hakuna mutu atakayekiuliza tena bei. Mzee alisema vizuri kunipita: «Mutoto yangu, radiateri njo uso yake. Mutu hauzishe uso.»

Siku ya posho tulienda watu sita, tukaifungua moteri. Kwanza namba. Iko upande wa kushoto wa moteri, juu ya pahali maji yanapoingilia. Kijana mmoja alikamata lima apate kuing'arisha, mzee akamupiga ku mukono: namba ile njo kitambulisho cha motokari, ukiikwaruza imekuwa bila baba. Tukaipangusa na esanse na burashi laini, tukaiandika ku daftari. Kisha tukatafuta jina la Ford lililogongwa ku piesi moja moja, kwa maandishi yale ya kulala. Piesi nyingi za asili ziko nalo. Pale tunajua ni nini kilichotoka ku kiwanda na ni nini kilichotiwa na fundi wa njiani, na mafundi wa njiani walipita wengi.

Moteri yenyewe ni rahisi, ya mitungi minne na nguvu ya farasi 20. Haina pompe ya maji: maji yakipata moto yanapanda yenyewe, yakipoa mu radiateri yanashuka. Juu ya ile radiateri iliyozibika inaua moteri. Tutaisafisha pole pole, na kisha tutatia maji ya mvua tu. Kila mama anayeona weupe ndani ya sufuria ya kuchemshia maji anajua sababu.

Shida kubwa ni umeme. Ford T ya wakati ule inajitengenezea umeme: ku gurudumu zito la nyuma ya moteri iko sumaku 16, zinazunguka mbele ya bobini 16 za mukuba. Umeme ule unaenda ku sanduku la mbao lenye bobini zingine nne, moja kwa kila mutungi, zinazolia kama nyuki wakati motokari inawaka. Sumaku za mzee zimechoka, lakini siyo kufa. Zinaweza kurudishiwa nguvu pale pale kwa betri, bila kufungua moteri yote. Katika zile bobini nne za mbao, tulikuta tatu. Ndani yake, mu lami, iko kondansateri iliyozeeka. Hiyo inatoshwa, inatiwa mupya, na bobini ya asili inabakia na mbao yake na mukuba wake. Fundi wa radio wa kartye anaiweza kazi hiyo. Anayeichoma apate mukuba wa ndani atapata grami ngapi? Haitoshi kununua sabuni.

Bearingi za moteri ile haziko za kununua ku duka. Ni chuma laini cha bati, mukuba na antimoni, kinachoyeyushwa, kinamwangwa mu nafasi yake, kisha kinakwanguliwa kwa mukono mpaka shafti ilale sawa. Mzee alitoa kikwangulio chake mu kitambaa cha mafuta, akatuonyesha. Kati ya vijana watatu waliokuwa pale, wote na diplome ya mekanike, hakuna hata mmoja aliyewahi kukwangua bearingi. Mukini wa mukuba! Pale nilisikia haya, na siyo juu ya vijana.

Sasa neno moja kwa wale wanaopenda kila kitu kiwe cha asili. Mu diferansieli ya nyuma kiwanda kilitia rondeli za chuma kile laini. Zikizeeka zinavunjika vipande vipande, na freni ya mguu ya motokari hii haiko ku magurudumu, iko ndani ya bwate ya vitesi. Nyuma ikiachana, freni imeenda nayo. Freni ya mukono peke yake ni ya kusimamisha motokari iliyokwisha kusimama. Rondeli zile zitoke, zitiwe za bronzi. Tumezika wandugu wa kutosha sababu ya piesi iliyoachwa «inatumika bado». Na anayewasha kwa manivela avute kwenda juu na mukono wa kushoto, kidole gumba kikae upande moja na vingine, na mwako urudishwe nyuma kwanza. Inarudi kwa nguvu, inavunja mukono.

Piesi zinapatikana. Kiwanda kiliendelea kutengeneza moteri za T za kubadilisha mpaka 1941, miaka 14 nyuma ya kusimamisha motokari yenyewe. (Mwaka ule ule kiwanda kile kilikubali sendika kwa mara ya kwanza, na mwaka ule ule, mwezi wa 12, baba zetu waliogoma hapa Élisabethville walipigwa risasi ku kiwanja cha mpira.) Leo wako watu Marekani wanaotengeneza upya karibu kila kitu, hata mipira ya magurudumu. Kila mwezi wa 10 iko soko kubwa la piesi za zamani Hershey, Pennsylvania. Uingereza iko la Beaulieu, mwezi wa 9. Yeyote aliye na mutoto ao ndugu kule Bulaya, amutume na namba, kipimo na picha. Asitume pesa kabla ya kuona picha ya piesi yenyewe kwa pande zote. Piesi mupya iliyoigwa siyo mubaya, lakini isilipwe bei ya asili.

Tulifanya hesabu pamoja na mama. Vitu vya kununua mbali ni vitatu tu: kondansateri, rondeli za bronzi, na mikanda ya bwate ya vitesi. Yote mengine mikono ya hapa inaweza. Ikitembea, itakodishwa ku ndoa na ku sikukuu, na pesa ya kwanza ni ya minerval. Mama alisema atangojea mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, siku moja zaidi hapana. Tumekubali.

Na kwa wakubwa wa migodi tuko na ombi moja. Mashini ngapi zimesimama mu viwanja vyenu, zimetoshwa piesi moja moja kutia ku zingine, mpaka hakuna ajuaye tena ni ya nani? Iteni wazee ajistere walioko nyumbani, walipeni siku mbili kwa juma, mutie vijana mbele yao. Dekonti zao ni deni. Hii ni kazi, ilipwe pembeni, isichanganywe nayo.

Siku ya posho inayokuja, saa mbili ya asubui, tutakuwa tena chini ya muembe. Tunatafuta ile bobini ya nne. Ni kisanduku kidogo cha mbao, kinatosha mu mukono, kiko na vipande vya shaba ku pande. Labda watoto wanachezea nayo, labda iko inashikilia mulango wa mutu. Uilete tu. Hatutauliza uliipata wapi.