Kwaya zetu zilipie sikio la pili kabla ya sare mpya

Kila kwaya inayojiandaa kurekodi hapa Majimoto, Katavi, huanza na karatasi ya bajeti, na kwa kuwa mimi ni mhazini, karatasi ya kwaya yetu huishia mfukoni mwangu. Mistari yake naijua kwa kichwa: ada ya studio Mpanda, nauli, chakula na malazi ya waimbaji, sare, mpiga video, mafuta ya jenereta siku ya uzinduzi. Mstari wa masteringi haupo. Ukiuulizia unaambiwa hiyo kazi prodyuza anaifanya mwenyewe, bure, ndani ya bei ileile. Nasema mstari huo uandikwe, utengewe fungu, na fungu hilo alipwe mtu ambaye hakuwepo studio siku tuliporekodi.

Hela ya kwaya kwetu ni mpunga. Tunakodi majaruba, tunapanda na kupalilia kwa zamu, tunauza, na kinachobaki ndicho kinachopanda basi kwenda Mpanda, kupitia Kibaoni na katikati ya Hifadhi ya Katavi, mbung'o wakiingia madirishani. Mama aliyeinama kwenye tope tangu asubuhi ana haki ya kujua hela yake imenunua nini.

Basi tuanze na kinachonunuliwa. Wimbo hupita hatua tatu. Kwanza kurekodi, ambapo kila sauti na kila ala hukaa kwenye mstari wake ndani ya kompyuta. Pili kumiksi, prodyuza anapopanga nani asikike mbele na nani nyuma, kinanda kiwe wapi, besi iwe kiasi gani. Mwisho wa kumiksi mistari yote huwa faili moja lenye pande mbili, kulia na kushoto. Masteringi huanzia hapo. Fundi wake hana sauti ya mwimbishaji peke yake wala ngoma peke yake. Ana kitu kizima kilichokwisha kuunganishwa. Anapunguza besi inayofunika maneno, analainisha ukali wa herufi "s" inayochoma masikio, anasawazisha nyimbo zote za albamu zilingane, anapima kimya kati ya wimbo na wimbo, kisha anatoa nakala za mwisho za kwenda redioni na mtandaoni.

Kazi hii ilizaliwa enzi za santuri. Muziki ulitolewa kwenye utepe ukachongwa kwenye sahani, na besi ikizidi sindano iliweza kuruka nje ya mfereji. Kwa hiyo alihitajika fundi wa pekee, mwenye chumba chake na vipimo vyake. Bendi nyingi za Dar es Salaam zilirekodi Radio Tanzania na santuri zake zikatolewa Nairobi, kwa hiyo kati ya mpiga gitaa na msikilizaji kazi ilipita mikononi mwa watu kadhaa. Zilipokuja kompyuta, studio kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani zilionyesha kwamba vijana wenye mtambo wao wanaweza kuutikisa muziki wa nchi nzima. Studio ndogo zikafuata kila mkoa, na ndani ya hizo ndogo mtu mmoja akawa kila kitu: anatengeneza biti, anarekodi, anamiksi, anamasta. Siubezi utaratibu huo, maana bila huo sisi wa Katavi tungekuwa bado tunaota kurekodi. Lakini ulianza kwa sababu ya ufinyu wa mfuko, na sasa tunautetea kana kwamba ni kanuni ya muziki.

Ubaya wake uko kwenye chumba. Studio nyingi za mikoani ni chumba kidogo cha nyumba ya kawaida, ukutani magodoro na trei za mayai. Chumba cha namna hiyo hudanganya, hasa kwenye besi. Kama kona zake zinaikuza besi, prodyuza ataipunguza mpaka aridhike, na wimbo ukitoka nje unakuwa mkavu. Kama pale anapokaa besi inamezwa, ataiongeza, na siku mkiupiga kanisani madirisha yatatetemeka huku maneno hayasikiki. Akimasta mwenyewe, katika chumba kilekile na spika zilezile, uongo uleule unamdanganya mara ya pili. Juu ya hapo ameusikiliza wimbo huo kwa siku nyingi mpaka masikio yamezoea kasoro na kuihesabu kuwa sehemu ya wimbo. Hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuusikia kama mtu anayekutana nao kwa mara ya kwanza.

Albamu yetu ya mwisho ilirekodiwa kwa misimu miwili, kadiri hela ilivyopatikana. Nakala ya kwanza kutoka studio ilikuwa hivi: wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapiga kelele, na dereva wa basi tuliyempa aijaribu, mkono wake haukutoka kwenye kitufe cha sauti. Tukakubaliana kumtafuta fundi wa masteringi Dar es Salaam. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuukataa wimbo mmoja. Alinipigia simu akasema, "Mzee wangu, hii besi siwezi kuitoa bila kuondoa na sauti ya nne ya akina baba. Rudini kwa prodyuza aishushe kwenye miksi, si kazi ya siku nzima. Mkishamaliza nitumieni upya." Katibu wetu alihamaki: tumlipe mtu atengeneze, naye atuambie turudi tulikotoka? Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetuliza kikao. Alisema, "Katibu, huyo ndiye fundi. Wengine wangepokea hela wakanyamaza."

Hilo ndilo la kwanza la kutarajia kwa fundi wa kweli: atakwambia ukweli kuhusu miksi yako kabla hajaigusa. Anayepokea kila kitu bila swali, mtilie shaka.

La pili ni kwamba atakudai vitu, na ni vizuri uende navyo tayari. Atataka faili la WAV la biti 24, lisilogeuzwa kuwa MP3, maana MP3 imekwisha kutupa sehemu ya sauti na kilichotupwa hakirudi. Atataka miksi isiyobanwa na limita, iliyoachwa nafasi juu, vilele vyake vikiwa kama desibeli 3 hadi 6 chini ya kikomo. Mwambieni prodyuza wenu maneno hayohayo, atayaelewa. Atauliza pia mpangilio wa nyimbo, na atawaomba wimbo mmoja au miwili ya watu wengine ambayo mnapenda inavyosikika, ili ajue mnakoelekea.

Hapo wa Majimoto tunakutana na suala la bando. Faili la namna hiyo hula karibu MB 17 kwa kila dakika likirekodiwa kwa kilohezi 48. Wimbo wa dakika 5 ni MB 86 hivi, na albamu ya nyimbo 8 inakaribia MB 700. Msiupeleke kama sauti ya WhatsApp, kwa sababu utabanwa njiani na mtakuwa mmemlipa fundi atengeneze kitu kilichokwisha kuharibika. Sisi nyimbo tulizipandisha mtandaoni kutoka Mpanda, usiku, palepale studio. Kama prodyuza wenu ana intaneti nzuri, iandikeni kazi hiyo kwenye makubaliano mapema.

La tatu ni makubaliano yenyewe. Hata yakiwa kwenye ujumbe wa simu, yaseme bei kwa kila wimbo, siku ya kumaliza, marudio mangapi yamo ndani ya bei, na nakala gani mtakabidhiwa. Rudio moja au mawili ni kawaida; yakizidi hapo mjue mtaongeza hela. Nakala dai WAV ya mwisho pamoja na MP3, na kama mna video, nakala ya kumpa mpiga video. Kama mtahitaji wimbo bila sauti za waimbaji kwa ajili ya kuimbia kwenye mikutano, semeni tangu mwanzo, kwa sababu nakala hiyo lazima itoke kwanza kwenye miksi. Na kabla ya kulipa yote, ombeni awafanyie wimbo mmoja wa majaribio. Wapo wanaokubali bure, wapo wanaotaka malipo kidogo. Vyovyote vile ni nafuu kuliko kujuta kwa albamu nzima.

Sasa nije kwenye ugomvi ambao kila mhazini atakutana nao. Nakala ikifika, waimbaji watauliza: mbona wa kwaya fulani unalia zaidi? Mwambie fundi aongeze! Fundi anaweza kuongeza. Ataibana sauti ya juu na kuipandisha ya chini mpaka zilingane, wimbo upige kwa nguvu moja mwanzo mpaka mwisho. Nyimbo za bendi ya Metallica ya Marekani zilibanwa hivyo kwenye albamu yao ya Death Magnetic ya mwaka 2008, na mashabiki wao wenyewe, watu wanaopenda muziki wa kelele, walilalamika kwamba sauti imepasuka.

Tena siku hizi kelele hiyo hailipi. Spotify hulinganisha nyimbo kwenye kiwango cha hasi 14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, na YouTube nayo huushusha wimbo uliozidi. Vyombo vya utangazaji vya Ulaya vilikwisha kukubaliana kiwango chao, hasi 23, tangu mwaka 2010. Kwa hiyo wimbo uliobanwa kupita kiasi unashushwa ulingane na wenzake, na unachobaki nacho ni ule mbano tu. Ukienda redioni, vituo vingi vina mtambo wao unaobana kila kinachopita. Wimbo uliobanwa studio unabanwa tena hewani. Kwaya inaishi kwa kupanda na kushuka. Pale akina mama wanapoimba taratibu kabla sauti zote nne hazijaingia kwa pamoja, ndipo watu kanisani husimama. Mkiusawazisha wote, kibwagizo kikiingia hakuna atakayestuka.

Mkishapokea nakala, msiisikilizie ofisini kwa mchungaji peke yake. Isikilizeni pale muziki wetu unapoishi: redio ya memori kadi iliyofungwa kwenye bodaboda, simu ndogo ya batani, sabufa ya kinyozi, spika za kanisani. Vingi vya hivyo vina spika moja, na kuna sauti ambazo zikitoka pande mbili zinasikika vizuri, lakini zikiunganishwa kwenye spika moja hudhoofika au hupotea kabisa. Mwombeni fundi aujaribu wimbo kwa upande mmoja. Aliyebobea atakuwa ameshafanya hivyo kabla hamjamwomba. Kisha andikeni maoni yenu kwa dakika na sekunde: dakika ya 2 na sekunde 10 kinanda kinachoma. "Haujakaa vizuri" ni maoni yasiyomsaidia mtu.

Yapo ambayo msiyatarajie kabisa. Mwimbaji aliyetoka nje ya ufunguo hatanyooshwa kwenye masteringi. Maikrofoni iliyokwaruza itaendelea kukwaruza. Mashine ya kukoboa haigeuzi mpunga ulionyeshewa ukawa mchele wa daraja la kwanza, na wakulima hatujawahi kuilaumu kwa hilo. Zipo pia programu za mtandaoni zinazomasta zenyewe, kama LANDR iliyoanza mwaka 2014. Kwa kusikiliza rasimu zinafaa na bei yake ni ndogo. Ila programu utakayoipa miksi mbovu itakurudishia miksi mbovu yenye sauti kubwa, bila kukupigia simu.

Najua jibu la vikao: hatuna hela, na msikilizaji wetu hajui masteringi ni nini. La pili ni kweli, lakini halitusaidii. Msikilizaji hajui jina lake, ila wimbo ukimchosha masikio anabonyeza kitufe aende unaofuata. La kwanza nalijibu kwa daftari. Kwetu, masteringi ya albamu nzima iligharimu chini ya vitambaa na ushonaji wa sare. Sare hizo zimeshaanza kuchuja, na nyimbo bado zinapigwa.

Wala sikio la pili si lazima litoke mbali. Studio ya Abbey Road ya London inauza masteringi mtandaoni kwa mtu yeyote, na mafundi wapo Dar es Salaam na Nairobi, lakini kuna njia iliyo karibu zaidi ambayo sijaona ikijaribiwa. Prodyuza wa Mpanda na mwenzake wa Sumbawanga wabadilishane kazi: huyu amaste aliyomiksi yule, na yule aliyomiksi huyu. Kila mmoja ana chumba tofauti na masikio ambayo hayajauzoea wimbo wa mwenzake. Kwaya ziwalipe wote wawili, kila mtu kwa kazi yake, na majina yote mawili yaandikwe kwenye albamu. Wataanza kusahihishana, na baada ya misimu michache mikoa hii miwili itakuwa na mafundi wa masteringi wa kwake, waliofundishwa na makosa ya nyimbo zetu wenyewe. Mimi nimeshamwandikia prodyuza wetu pendekezo hilo. Wahazini wenzangu waandikieni wa kwenu kabla msimu wa kulima haujatutawanya mashambani.