KAMARI IMO NDANI YA PAKITI

Neno karata tulilipata kwa Wareno, pamoja na kopa, uru, shupaza na pau, na tangu zama hizo mchezo huu umekaa barazani petu ukiwa na sifa mbili zisizofanana. Wapo wacheza arubastini wa alasiri, watu wenye heshima zao, ambao mshindi wao hapati kitu ila haki ya kuwacheka wenzake mpaka kesho. Na wapo wale wa pata-potea, wanaotandika kitambaa pembeni mwa kituo cha basi, wakazungusha karata tatu mbele ya macho ya msafiri mpaka nauli yake imekwisha. Karata zenyewe ni zile zile. Linalotenga baraza hizi mbili ni fedha imewekwa wapi, na nani peke yake ajuaye karata iliko.

Twaanza na hayo kwa kuwa tunataka kusema juu ya karata za aina nyingine, ambazo watoto wa jamaa zetu waishio Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba huja nazo wakati wa likizo, zimejaa mikobani mwao, zimepigwa picha za mazimwi, wachawi, majini na wanyama wasiopata kuumbwa. Baadhi ya wazee wakiziona husema huu ni uchawi na kutaka zichomwe. Wengine husema ni mchezo tu wa watoto, wakayaachia hapo. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yametazama picha na kuisahau biashara.

Mchezo uliozaa michezo yote ya namna hii unaitwa Magic: The Gathering. Uliutungwa na Mmarekani Richard Garfield, mwalimu wa hisabati, ukatolewa Agosti 1993 na kampuni iliyokuwa changa wakati huo, Wizards of the Coast, ya jimbo la Washington. Mkuu wa kampuni, Peter Adkison, alikuwa ametaka mchezo mwepesi wa kubebeka, ambao watu wangeweza kuucheza katika mapumziko ya mikutano ya wapenda michezo. Garfield akamletea jambo jipya kabisa: mchezo ambao kila mtu huja na jozi yake mwenyewe ya karata, aliyoipanga mwenyewe, karata kwa karata, kutoka katika hazina yake.

Kila mchezaji huanza na uhai wa hesabu 20 na karata 7 mkononi. Zipo karata za ardhi, yaani uwanda, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu, ambazo humpa nguvu ya kuteremsha karata nyingine za viumbe, silaha na maapizo. Kila karata imeandikwa sheria yake, na aghalabu sheria hiyo hutengua sheria ya mchezo mzima. Hapo ndipo utamu ulipo. Mchezaji hodari hufikiri kama mcheza bao: nikiacha kete hii inyakuliwe sasa, nitavuna nini mizunguko mitatu mbele? Tena ana mzigo ambao mcheza bao hana, maana kete za bao zote zimo machoni, ilhali hizi zimefichika mkononi mwa adui. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeucheza vizuri anasoma maandishi mazito, anapiga hesabu za bahati na anajizoeza kushindwa bila kununa. Hatuoni sababu ya kuyakana hayo ati kwa kuwa kuna zimwi kwenye picha. Hadithi za bibi zetu nazo zilijaa mazimwi, wala hatukudhurika.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Katika sheria za awali za mwaka 1993 palikuwa na sheria ya dau. Kabla ya kuanza, kila mmoja hufunua karata moja ya jozi yake pasipo kuichagua, akaiweka kando. Mshindi akachukua zote mbili. Garfield alikuwa na hoja yake, nayo si ya kipuuzi: alitaka karata zizunguke mikononi mwa watu, asitokee mmoja wa kuzikalia. Lakini dau ni dau. Wachezaji wengi hawakuipenda, wazazi hawakuipenda, na kampuni yenyewe ikaipa kisogo. Karata ya mwisho inayohusu dau ilitolewa mwaka 1995, na mashindano rasmi hayaruhusu karata za namna hiyo. Basi kampuni ikaonekana imejitakasa.

Sisi tunasema kamari ilihama tu. Ilitoka mezani, ambako mchezaji aliweka dau mbele ya mwenziwe aliye sawa naye, ikaingia dukani, ambako mmoja wa wacheza kamari ndiye mwenye kiwanda.

Karata hizi huuzwa katika pakiti iliyofungwa, haionyeshi ndani. Pakiti ya mwaka 1993 ilikuwa na karata 15: 11 za kawaida, 3 za daraja la kati na 1 adimu. Toleo la kwanza lilikuwa na karata 295 za namna mbalimbali, na zile adimu zilipindukia 100. Mwenye kuitaka adimu mojawapo alikuwa na tamaa ya kuiona katika pakiti moja kwa kila mia na ushei, na akitaka nne zinazofanana, ambazo ndizo kikomo cha jozi moja kwa sheria za leo, basi na afanye hesabu mwenyewe. Na uadimu huo haukutokana na ugumu wa kazi. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, na matoleo ya kwanza yalipigwa chapa katika mji mmoja, Turnhout, nchini Ubelgiji. Lulu ni adimu kwa kuwa mzamiaji huhatarisha pumzi yake. Karata hii ni adimu kwa kuwa mtu aliyeketi ofisini ameamuru mashine ikome.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya serikali tulilijua neno maisiri kabla ya kujua kugawanya kwa tarakimu mbili. Tulifundishwa kwamba Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakichinja ngamia, wakapanga mafungu ya nyama, kisha wakachomoa mishale mfukoni pasipo kuiona: mishale 10, 7 yenye mafungu na 3 mitupu. Waliotokewa na mitupu walilipa thamani ya ngamia na hawakula nyama. Tukiitazama pakiti hii tunauona mfuko ule. Ni kweli kwamba hapa hakuna mshale mtupu, maana kila mnunuzi huondoka na karata zake, na juu ya tofauti hiyo ndipo mawakili wa biashara hii wanaposimama. Mwaka 1999, karata za Pokémon, zilizozaliwa Japani mwaka 1996, zilipokuwa zimewapagawisha watoto wa Marekani, wazazi walikwenda mahakamani wakidai kwamba mauzo ya namna hii ni kamari. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya Marekani yenye makao San Francisco iliamua, kuhusu karata za kukusanywa, kwamba mnunuzi hakudhurika, kwa kuwa alipata kile alichokilipia.

Hatuna ubishi na mahakimu juu ya sheria za kwao. Lakini hebu msomaji aingie katika duka lolote linalouza karata hizi moja moja. Ataona adimu moja imefungiwa kabatini kwa bei ya pakiti kumi, na za kawaida zimerundikwa sandukuni kama maganda ya karanga. Karata iitwayo Black Lotus, ya lile toleo la kwanza, ilinadiwa Januari 2021 kwa zaidi ya dola 500,000. Yule mtoto anayechana pakiti huku mikono ikitetemeka hazitetemekei zile za kawaida.

Wala isisemwe kwamba bei hizi ni mambo ya walanguzi tu, mbali na mchapaji. Mwaka 1995 kampuni ilichapa upya baadhi ya karata za zamani ili wachezaji wapya wazipate. Wenye akiba wakapiga makelele kwamba mali yao imeshuka thamani. Mwaka 1996 kampuni ikatoa orodha ya karata ambazo iliahidi kutozichapa tena, na orodha hiyo inaheshimiwa mpaka leo. Tuutafakari uamuzi huo. Mchezaji anahitaji karata ili acheze. Mwenye akiba anahitaji mchezaji asiipate. Kampuni ilipotakiwa kuchagua, ilimchagua mwenye kabati.

Mwaka 1999 Wizards of the Coast ilinunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vinyago na michezo, na mambo yakazidi kwenda kwa kasi hiyo hiyo. Katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, mwaka 2022, iliuza sanduku la pakiti 4 tu kwa dola 999. Ndani mlikuwa na nakala za karata za kale, zenye mgongo wa aina nyingine, zisizoruhusiwa katika mashindano rasmi. Kwa maneno mengine, mtu alilipa karibu dola elfu kwa karata ambazo ukumbi wa mashindano haukuzitambua, na hata hizo hakuruhusiwa kujua ni zipi kabla ya kulipa. Mwaka uliofuata ikachapwa karata moja pekee ya pete ya hadithi za Tolkien, ikafichwa katika pakiti moja kati ya zote zilizosambazwa duniani. Ilipatikana Canada, kisha ikanunuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa bei iliyotangazwa kuwa dola milioni 2. Huo ndio mfuko wa mishale uliopanuliwa ukaienea dunia, na mshale wenye fungu ni mmoja.

Matunda yake yameonekana. Mei 2021 maduka ya Target ya Marekani yalisimamisha kuuza karata za Pokémon na za wanamichezo kwenye rafu zao kwa kuhofia usalama wa wateja na wafanyakazi, baada ya watu kupigana kwa ajili yake.

Saudi Arabia iliamua mapema, mwaka 2001, kupiga marufuku Pokémon kwa fatwa, na kamari ilikuwa mojawapo ya hoja. Ilikuwa hoja nzito, lakini ilifungwa mzigo mmoja na tuhuma za alama zilizodaiwa kufichwa katika picha, na kwa hiyo watu wakabishania picha. Ubelgiji nayo mwaka 2018 ilitangaza kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya michezo ya kompyuta ni kamari, lakini pakiti ya karatasi, ambayo ndiyo kaka yake mkubwa na iliyochapwa Turnhout hapo hapo Ubelgiji, haikuguswa.

Hapa Tanzania tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Vijana wetu wamekwisha kulishwa mikeka ya kutosha kwenye simu zao. Hatuna haja ya kungoja mpaka pakiti hizi zitundikwe kwenye kila duka ndipo tuulize ni mali ya aina gani. Msimamo wetu ni kwamba karata ziuzwe wazi, mnunuzi aone anachonunua, na pakiti iliyofungwa ihesabiwe kuwa ni bahati nasibu, isiuzwe kwa mtoto. Nao wazazi wanaoletewa zawadi hizi wasizichome. Wakae na watoto wajifunze huo mchezo, kisha wagome kununua pakiti. Karata za kawaida zinatosha, na wachezaji wenyewe wamelithibitisha hilo, kwani wamekuwa wakishindana kwa jozi zisizo na adimu hata moja, mpaka kampuni nayo ikautambua rasmi utaratibu huo mwaka 2019.

Watakaosema kwamba biashara hii haiwezi kusimama bila pakiti ya siri, tunawaelekeza kwenye mchezo mwingine wa huyo huyo Garfield, Netrunner. Ulitolewa mwaka 1996 kwa pakiti za kubahatisha, ukafifia. Mwaka 2012 kampuni nyingine ya Marekani, Fantasy Flight Games, ikaufufua kwa kuuza karata wazi: kila sanduku lina karata zile zile, na mnunuzi anazijua. Ulipendwa mno. Kibali kilipokwisha mwaka 2018 na mauzo kukoma, wachezaji hawakutawanyika. Waliunda chama chao cha kujitolea kisichotafuta faida, ambacho tangu mwaka 2022 kinaitwa Null Signal Games, wakatunga karata mpya, wakaandaa mashindano yao ya dunia, na asiye na fedha wakamwachia achukue michoro bure, aipige chapa mwenyewe, aikate kwa mkasi na aje kucheza.