Mirathi ya Bakteria na Maji ya Ipinda

Wakati wa masika, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ishukapo kutoka milimani na kuenea katika uwanda wa Kyela, hata mashamba ya mpunga ya Ipinda yasipambanuke na mito yenyewe, maji yaliyopita chooni hukutana na maji yaliyomo kisimani pasipo mwenye choo wala mwenye kisima kutakwa shauri. Watu wa afya hutuonya kwamba makutano hayo huleta kipindupindu na homa ya matumbo, na onyo lao ni la haki. Walakini liko jambo la pili litendekalo katika maji hayo hayo, ambalo halitangazwi kwa kipaza sauti sokoni, nalo ni kwamba bakteria waliokusanyika humo hupeana silaha za kuzishinda dawa zetu.

Tumezoea kuelezwa kuwa usugu wa dawa ni matokeo ya mgonjwa asiyemaliza dozi, au ya muuza duka aliyekubali kuuza vidonge vinne badala ya kumi na tano. Sikatai kwamba wote wawili wanayo sehemu yao katika lawama. Kasoro ya mafundisho hayo ni kwamba yanaufanya usugu uonekane kuwa taksiri ya mtu mmoja mmoja, ilhali ukweli ni kuwa mtu aweza kuzifuata amri zote za tabibu, akameza kila kidonge kwa saa yake, na bado akaugua kwa bakteria aliyepewa usugu tumboni mwa mtu mwingine kabisa.

Bakteria humrithisha mwanawe sifa zake kwa kujigawa. Lakini fauka ya mirathi hiyo ya nasaba, anayo mirathi nyingine isiyojali nasaba. Nje ya kromosomu yake, iliyo hazina kuu ya jeni zake, aghalabu hubeba vipete vidogo viitwavyo plasmidi, na mara nyingi ndani ya vipete hivyo ndimo ilimo jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa, au ya kujenga pampu ya kuitapika nje kabla haijadhuru. Akutanapo na mwenziwe, hata kama ni wa jamii iliyo mbali naye, humnyoshea uzi mwembamba akamvuta karibu, kisha hunakili kile kipete na kumpa nakala, asili ikabaki kwake. Mkulima wa Ipinda aliyempa jirani kibaba cha mbegu njema ya mpunga hafukariki kwa kutoa, na msimu ukiisha mbegu ile imo katika mashamba mawili, tayari kuingia katika la tatu. Ndivyo ilivyo kwa plasmidi, ila msimu wa bakteria huweza kwisha katika nusu saa.

Habari hizi hazikujulikana mpaka karne iliyopita ilipokaribia katikati yake. Mwaka 1946 Wamarekani Joshua Lederberg na Edward Tatum walibainisha kwamba bakteria huungana na kupeana jeni, lakini uzito wa jambo hilo kwa tiba ulidhihirika huko Japani katika miaka ya 1950, yalipozuka maradhi ya kuhara damu ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja: sulfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. La ajabu zaidi ni kwamba bakteria wengine wa kawaida, wakaao matumboni mwa wagonjwa wale wale, walikutwa na usugu ule ule. Mwaka 1959 watafiti Ochiai na Akiba walionyesha kuwa usugu huo ulihama kutoka jamii moja hadi nyingine, wote kwa mara moja. Ziko njia nyingine pia: virusi viwashambuliavyo bakteria huweza kuchukua jeni za mmoja na kuziingiza katika mwingine, na bakteria akifa, wenziwe huweza kuokota vinasaba vyake vilivyotawanyika. Mwaka 2005 ilithibitika kwamba bakteria wa kipindupindu, akijishikiza kwenye magamba ya wanyama wadogo wa majini wa jamii ya kamba na kaa, huamka na kuanza kuviokota vinasaba hivyo.

Sisi Watanzania tulifundishwa somo hili kwa gharama yetu wenyewe. Kipindupindu kilipozuka nchini kwa mara ya nne, mwezi Oktoba 1977, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao bali na kwa watu wasiougua, kwa matumaini kwamba ingewakinga. Profesa Fred Mhalu na wenzake, walioandika matokeo yake mwaka 1979 katika jarida la tiba la The Lancet, walieleza kwamba mwanzoni bakteria wa kipindupindu waliopimwa walikuwa wakishindwa na dawa hiyo bila taabu. Ikapita miezi mitano tu ya matumizi makubwa, na asilimia 76 ya waliopimwa wakawa sugu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa usugu ule ulibebwa na plasmidi zenye kuhamishika. Sitamlaumu mtu aliyegawa dawa ilhali wenzake wanakufa mbele ya macho yake. Lakini insafu yataka tuseme kwamba mwenye kipindupindu huokolewa kwanza kwa kurudishiwa maji na chumvi alizopoteza, na kwamba kuwalisha dawa maelfu ya watu wazima wa mwili kulikuwa ni kuwaangamiza bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale waliokwisha kupata kipete.

Tena plasmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa nyingi, na hapa ndipo penye hila yake kubwa. Mfugaji atiaye tetrasaiklini katika maji ya kuku ili wasife kwa mdondo (nayo ni kazi bure, kwa kuwa mdondo huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haiviwezi) huwahifadhi bakteria wenye kipete, na pamoja na usugu wa tetrasaiklini huuhifadhi usugu wa ampisilini ambayo hakuitumia kamwe. Ndiyo maana usugu hufika hata mahali ambapo dawa yenyewe haijafika. Utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2005 uliwakuta watoto wenye uambukizo wa damu uliosababishwa na bakteria wawezao kuvunja sefalosporini zenye nguvu, ijapokuwa dawa hizo zilikuwa nadra kutumika katika hospitali ile. Asilimia 71 ya watoto hao walifariki, ikilinganishwa na asilimia 39 ya walioambukizwa na bakteria wasio na uwezo huo.

Kwa sababu hiyo sioni kuwa bango la "maliza dozi" laweza peke yake kuulinda uwanda wa Kyela. Tanzania ilijiwekea mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka ya 2017 hadi 2022, na wataalamu wetu wanajua vizuri kwamba binadamu, mifugo na mazingira ni jambo moja. Lakini sisi wananchi tunaendelea kudhani kuwa dawa ni kazi ya zahanati, na choo ni kazi ya bwana afya. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu kiasi kwamba shimo la choo hujaa kabla halijatumika, kila choo kilichoinuliwa juu ya usawa wa mafuriko, na kila kisima kilichojengewa ukingo na kufunikwa, huwapunguzia bakteria majukwaa ya kukutania. Maji yaliyochemshwa huua mwenye usugu na asiye nao bila kubagua, na hakuna kipete kijulikanacho kimwezeshacho bakteria wa kuhara kustahimili sufuria ichemkayo.

Msomaji, usimpe kuku kidonge kwa kubahatisha, wala usimdai tabibu dawa ya bakteria kwa mafua yako. Nanyi waheshimiwa madiwani wa Kyela, bajeti ya vyoo na visima itakapoletwa mbele yenu, isomeni pamoja na bajeti ya dawa, wala msiipunguze moja mkidhani kuwa mmeiokoa nyingine.